Bikoni niliyoizika mwenyewe

Mara ya kwanza kuingia kaya na viatu mguuni nilikua nimebeba vyuma vya bikoni, zile alama za mpaka wa ploti, begani na mkononi panga, na aliyenilipa alikua savea, mpimaji wa ardhi. Shilingi mia tatu kwa siku, chai na mahamri juu yake. Ilikua 2006, nimemaliza fomu foo, matokeo si ya kumuonyesha mtu, nyumbani washachoka kuniona nalala mpaka saa nne asubuhi, kwa hivo rafiki yangu aliponiambia kuna savea ametoka Mombasa anataka vijana wa kubeba vyombo na kufyeka laini sikuuliza ploti ni ya nani wala iko wapi. Nilichukua panga la marehemu babu nikaenda.

Kaya yenyewe sitaitaja jina. Ni Kwale, upande wa kusini baada ya kuvuka feri, na wenyeji wakisoma hapa watajua tu, lakini wale wazee waliobaki waliniomba nisiiweke jina kwenye intaneti manake kila ikitajwa huja watu wawili, mmoja ataka dawa na mwengine ataka ploti.

Kwa wale wa bara, na hata kwa vijana wetu wa pwani ambao wakisikia kaya wanawaza uchawi moja kwa moja, kwanza tuelewane. Kaya ni mji. Neno lenyewe ndio maana yake, maskani, mahali watu wamekaa. Sisi Wamijikenda ni tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma, na hadithi tuliyopewa ni kwamba wazee walitoka Singwaya huko kaskazini wakikimbizwa, wakaja wakajificha. Si kwamba walikuta kiwanja kizuri wakajenga. Walichagua msitu mnene, mara nyingi juu ya kilima, wakasafisha katikati tu, wakaacha miti pande zote iwe ndio ukuta, na njia za kuingilia zikawa chache, nyembamba, zina milango. Adui akija lazima aje mmoja mmoja. Na katikati ya mji wakazika fingo, ile kinga waliyotoka nayo walikotoka, na mahali ilipo wanajua wachache mno, mimi si mmoja wao na wala sitaki.

Baadaye, hali ilipotulia, watu wakaanza kutoka kwenda kulima na kujenga nje, polepole, mpaka kufikia miaka ya 1940 kaya zilikua hazina wakazi tena. Hapo ndipo palipotokea jambo ambalo mi naliona la ajabu kuliko hadithi zote za majini: watu walihama wakaondoka, lakini hawakukata msitu. Mji ulikufa lakini ukuta wake ukaachwa usimame. Wazee wakaendelea kurudi kuzika watu wakubwa, kuomba mvua, kufanya sadaka, kusuluhisha kesi zilizoshindikana kwa chifu, na sheria za humo ndani zikabaki zilezile, hukati mti, hutoi hata kuni kavu, huingii na viatu, hupigi kelele, hufanyi mambo yako ya mapenzi humo. Ng'ombe akiingia ana kesi. Ndio maana ukisimama leo barabarani ukaona mashamba ya mahindi, minazi, mabati yanang'aa, alafu ghafla pale mbele pameinuka kitu cheusi kama wingu limekaa chini, ujue hiyo ni kaya. Mbambakofi, mvule, mibuyu ambayo watu sita hawaizungushi mikono. Zimehesabiwa kaya zaidi ya 50 kutoka Kwale mpaka Kilifi, nyingine hekta kumi tu, nyingine zinafika mia nne, na wataalamu wa mimea wanasema humo kuna miti na maua ambayo duniani hayapo pengine au yapo pahali pachache sana. Hakuna askari wa msitu aliyefanya hiyo kazi, ilifanywa na hofu na heshima, na usiniulize ipi ilikua nyingi zaidi.

Sasa turudi kwa savea.

Alikua mtu mzuri, hilo niseme, anatulipa jioni hiyohiyo na hatutukani. Ana ile mashine yake ya miguu mitatu, anachungulia, kijana mmoja anashika fimbo yenye kioo kule mbele, sisi wengine tunafyeka ili aone. Laini haina macho jamani. Ikitoka huku inaenda kule, ikikuta mwembe unapasuliwa matawi, ikikuta choo cha mtu inapita juu ya choo. Ikifika mwisho tunachimba, tunasimamisha kipande cha chuma, tunakoroga simiti tunamwaga, kichwa kinabaki kidogo juu, hiyo ndio bikoni. Ploti ilikua ndefu, kutoka karibu na barabara kuelekea baharini, na siku ya pili mchana tukafika mahali ambapo majani yanaisha na kuna miti miwili mikubwa imesimama kama imepangwa.

Miguu yangu ilipajua kabla yangu. Nilikua nikija hapo na bibi nikiwa mdogo, siku ambazo mvua imekataa, wanawake wanakuja na unga na maji na kuku mweusi nje ya ule mlango, na pale pale ndipo tulipokua tunavua ndara tunazipanga mstari. Nilisimama. Nilitaka kuwaambia wenzangu jamani hapa tunavua viatu, lakini mmoja alikua wa Changamwe na mwengine sijui wa wapi, walikua washaanza kucheka vile nimesimama kama nimeona nyoka, na mi nilikua na miaka kumi na tisa. Nikaona haya. Nikaingia navyo.

Tulikua ndani kidogo tu tunafyeka aliposhuka mjomba.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikua katika wale wazee wa kaya. Na wanaojua Wadigo wanajua mjomba ni nani kwetu, zamani urithi ulikua unapitia kwake, si kwa baba, hata leo Uislamu umebadilisha mirathi lakini mjomba akikohoa watu wananyamaza. Alikua amevaa kaniki yake na fimbo. Nikasema shikamoo mjomba. Hakuitika. Akaniangalia usoni, akashuka mpaka miguuni, akakaa hapo kwenye viatu kitambo, ndio akageuka kwa savea akamsalimia vizuri kabisa.

"Karibuni. Hiyo laini yenu yaanza wapi?"

Savea akatandaza ramani juu ya boneti, akamuonyesha kwa adabu, mzee hii hapa ndio barabara, hii bahari, hii ploti, ina namba yake na mwenyewe ana taito.

"Na huu msitu uko wapi hapa?"

"Kwenye hii ramani hakuna msitu mzee."

Mjomba akainama akaitazama ile karatasi kwa muda, hakua anajua kusoma lakini aliitazama kama mtu anayesoma, alafu akauliza aliyeichora alikuja lini, na yeye alikua wapi siku hiyo manake hakumbuki kumuona mgeni. Savea hakua na jibu, na mi leo nikifikiria, hilo swali ndilo lote. Ramani zetu nyingi za pwani zilichorwa na watu ambao hawakupita.

Hapa niingie kidogo kwenye sheria, nitajaribu nisiwachoshe. Mwaka 1908 serikali ya Waingereza ilileta sheria ya hati za ardhi kwa ule ukanda wa pwani wa maili kumi uliokua chini ya sultani wa Zanzibar. Mwenye madai aje aandikishe, na ardhi isiyodaiwa na mtu ikawa ya serikali. Haya, we mwambie mzee wa kaya wa 1908 aende ofisini akadai msitu. Adai kama nani? Kaya si ya mtu. Ni kama uende ukajiandikishe kuwa mwenye msikiti. Walioelewa karatasi waliandikisha, wengi wao si Wamijikenda, na wale ambao ardhi yao ilikua ya ukoo na ya mizimu wakaamka siku moja ni maskwota kwenye makaburi ya babu zao. Baada ya uhuru ile ardhi ya Crown, yaani ya serikali ya Mwingereza, ikawa ardhi ya serikali ya Kenya, na ardhi ya serikali ndio ile iliyogawiwa kwa barua za alotimenti, hasa bichi ploti, zile za ufukweni, miaka ya themanini na tisini, kwa watu ambao hata kuogelea hawajui.

Chale mnapajua? Kisiwa kidogo kusini ya Diani, kilikua kaya. Miaka ya 1990 sehemu yake ikajengwa hoteli. Wazee walipiga kelele, watu wa mazingira wakapiga kelele, hoteli ikajengwa. Na wageni wanapaona ni pazuri sana, maji yakitoka unaweza kupelekwa na trekta, na sidhani hata mmoja kati ya mia anaambiwa amelala wapi.

Ni katika vurugu hiyo ndipo kuanzia 1992 serikali ikaanza kutangaza kaya kwenye gazeti la serikali kuwa turathi za kitaifa, chini ya Makumbusho ya Taifa, na kikaundwa kile kitengo cha misitu ya pwani cha kusaidia wazee, shirika la mazingira la WWF likaweka pesa. Zaidi ya kaya 40 zimetangazwa. Kaya Kinondo ilikua miongoni mwa za mwanzo. Mwaka 2008 UNESCO wakaingiza kaya kadhaa kwenye orodha ya urithi wa dunia, na mwaka uliofuata zile mila zenyewe za kaya zikaingizwa kwenye orodha ya vitu vinavyohitaji kuokolewa haraka. Yaani msitu ni wa kujivunia na wakati huohuo wenye msitu wanakufa. Orodha mbili, mwaka na kitu kati yake. Sijui kama waliozipitisha waliona ile kejeli.

Lakini kutangazwa si kulindwa, na hapa ndipo ninapotaka tuwe wakweli. Watu wakisikia "wanataka kuchukua kaya" wanafikiria tingatinga linaingia usiku. Huja mara chache sana. Mimi nimekaa kwenye kazi hii ya upimaji miaka mingi baada ya pale (ndio, niliendelea, nikasoma, sahii nina mashine yangu ndogo) na nakwambia kaya hailiwi katikati. Inamegwa kama mkate, na mkate unamegwa pembeni. Mwaka huu mwenye shamba jirani anasogeza safu yake ya minazi hatua mbili. Mwaka kesho kuna anayetaka boriti za kujengea, anaingia asubuhi mapema anatoka na kumi, msitu haujui. Alafu anakuja mchoma makaa. Alafu ile sehemu ya pembeni inakua kichaka tu, haina mti mkubwa, akija mtu na ramani anasema hii si kaya, kaya ni kule ndani, hapa ni pori, na mwenye macho anakubali manake kweli ni pori. Sasa pale penye pori pakiwekwa bikoni, pembeni mpya imezaliwa, inaanza kumegwa upya. Wazee wanalinda katikati kwa sababu ndiko kwenye fingo na makaburi. Hakuna anayekwenda kufanya sadaka pembeni.

Na wamegaji si wageni peke yao. Jamani tusidanganyane. Boriti zile zinauzwa na vijana wetu, zinanunuliwa na sisi, nyumba ya mama yangu ya kwanza iliezekwa kwa boriti ambazo hakuna aliyeuliza zimetoka wapi. Kuna wazee walipewa bahasha wakaweka kidole gumba. Kuna mahali mzee mmoja alisema kaya imekubali, na kaya haina mdomo, nani atambishia? Mjomba alikua akisema tatizo la siri ni hilo, kitu kikijulikana na watu watatu inatosha kumnunua mmoja na kungoja wawili wafe.

Kuna na hili la dini. Sisi Wadigo wengi ni Waislamu na msikitini nimesikia hotuba kwamba kaya ni shirki tupu, mti hauombwi. Mdogo wangu mwenyewe haingii kule wala hali nyama ya sadaka, na simlaumu, ana hoja yake na mi mwenyewe siku nyingine nalala na maswali. Wakristo nao wana mahubiri yao hayohayo. Kinachonikera ni kwamba hoja ya dini inakuja sana pale ploti inapokua imepanda bei. Mjomba alikua anaswali swala tano na bado anakwenda kaya, ukimuuliza anasema Mungu ni mmoja, ile ni nyumba ya wazee wangu, we nyumba ya wazee wako ukiwa mcha Mungu ndio unaivunja?

Alafu siasa. Mwaka 1997 zile vurugu za Likoni, waliovamia kituo cha polisi cha feri walihusishwa na mazoezi na viapo kwenye msitu wa Kaya Bombo, na tangu siku hiyo mzee akionekana anaingia msituni jioni kuna anayepiga simu. Likaja vuguvugu la MRC (Mombasa Republican Council), la kutaka pwani ijitenge, na kauli yao ya Pwani si Kenya, mambo yakawa mabaya zaidi. Mimi sisemi viapo havikuwepo. Nasema wazee wengi ambao hawakumuapisha mtu waliacha kwenda kwa kuogopa, na kaya isiyoendewa inamegwa haraka. Na kule Kilifi mnajua wenyewe, mzee mwenye mvi anaitwa mchawi na watoto wa kaka yake, anakatwa mapanga, na ukifuatilia unakuta kuna shamba. Wengine wamekimbilia Kaya Godoma huko Ganze wanaishi kama wakimbizi kwenye kaunti yao. Mtu anayejua mpaka uko wapi ndio huyohuyo anauawa.

Wala si mara ya kwanza kaya kuonekana ni tishio. Mekatilili wa Menza, yule mama wa Kigiriama, alicheza ngoma ya kifudu akawaapisha Wagiriama Kaya Fungo mwaka 1913, kwamba hawatoi vijana wao wala kodi kwa Mzungu, wakamkamata yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola wakawapeleka mbali huko magharibi ya nchi, wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Mwezi wa nane 1914 Waingereza wakailipua Kaya Fungo kwa baruti. Baruti kwa msitu! Hebu fikiria ni kitu gani walikua wanakiogopa. Na walipolipua ndio vita vikawaka. Kaya Fungo iko mpaka leo.

Kisa kinachonipa moyo ni cha Mrima, na ukikiangalia vizuri si cha mizimu wala cha UNESCO. Kilima cha Mrima kiko Kwale, msitu wake ni mahali patakatifu kwa Wadigo, na chini yake kuna niobiamu na madini adimu ambayo dunia nzima inayataka kwa simu na magari ya umeme, pesa zilizotajwa zilikua za kutia kizunguzungu, mabilioni ya dola. Machi 2013 kampuni ya Cortec ikapata leseni ya kuchimba. Agosti mwaka huohuo Balala, waziri wa madini wa wakati huo, akaifuta. Kampuni ikaishtaki Kenya kwenye mahakama ya usuluhishi wa uwekezaji ya Benki ya Dunia ikidai zaidi ya dola bilioni mbili, na watu wengi, mi mmoja wao, tukasema basi, tumekwisha, tutalipa. Oktoba 2018 uamuzi ukatoka, Kenya ikashinda. Sababu? Leseni haikufuata sheria. Hakukua na kibali halali cha tathmini ya mazingira, na Mrima ilikua imetangazwa msitu wa hifadhi, na hifadhi ya asili, na turathi ya kitaifa, sasa huwezi kupita juu ya vyote hivo kwa karatasi moja ya haraka haraka. Wakakata rufaa ya kubatilisha, 2021 wakashindwa tena.

Niliposoma hayo nilimfikiria savea na ramani yake kwenye boneti. Kile kitangazo cha gazeti la serikali ambacho wazee walikicheka, ati Mrima anahitaji karatasi kujijua kwamba ni Mrima, ndicho kilichoshikilia kilima kisitoke. Karatasi iliyotunyang'anya 1908 ndio hiyohiyo ikatushindia 2018. Madini bado yako pale chini na wanaoyatamani hawajaisha, kwa hivo sitaki mtu ashangilie sana, lakini nilijifunza kwamba mzee na karatasi lazima walale nyumba moja. Katiba ya 2010 yenyewe kipengele cha 63 kinasema ardhi ya jamii ni pamoja na misitu na mahali pa matambiko yanayotumiwa na jamii fulani. Kinachokosekana ni mtu wa kutembea akaonyesha panaanzia wapi panaishia wapi, na kuandika.

Kinondo wamefanya njia yao. Tangu 2001 wanaingiza watalii, unavishwa kaniki, unaambiwa usivunje hata jani, unakumbatia mti mkubwa unaomba. Nimeenda. Nilikasirika kidogo mwanzoni, nikaona kama tunaigiza maisha yetu wenyewe kwa tiketi. Alafu nikaona shule iliyosaidiwa na ile pesa, nikaona vijana wanaotembeza wageni wanajua jina la kila mti kwa Kidigo, na mimi nilikua sijui hata kumi. Hekta thelathini tu, Diani yote imeizunguka na hoteli zake, na pembeni yake bado ni nyeusi. Nikanyamaza.

Sasa nimalizie ya mjomba. Siku ile hakupigana na mtu. Alikaa chini kwenye ile laini, mbele kidogo ya tulipofyeka, akatoa tumbaku yake. Savea akasema basi vijana, mwisho hapa, tuweke bikoni tutaendelea siku nyingine, na mimi ndiye niliyechimba shimo. Nilikoroga simiti mwenyewe. Kutoka kwenye ule mlango wa miti miwili mpaka kwenye shimo nilihesabu hatua kumi na moja, sijui kwa nini nilihesabu, nafikiri nilijua nitakuja kuulizwa.

Usiku mjomba akaja nyumbani. Mama alishasikia, hakunipa chakula, alinipa sahani akaondoka. Mjomba akasema, "Chuma sikulaumu. Kazi ni kazi, usingekwenda wewe angekwenda mwengine. Nakulaumu viatu." Hakuongeza neno. Angenipiga ingekua afadhali.

Wazee waliwaita watu wa makumbusho, zikaja barua, ukuta ulioanza kujengwa ukasimama ukiwa umefika kiunoni, mwenye ploti akamuuzia mwengine na huyo akamuuzia mwengine, na kesi haijafika mahali. Bikoni huwezi kuing'oa, ni kosa kwa sheria, hata kama we ndiye uliyeiweka. Mjomba alifariki 2015. Alizikwa kiislamu, makaburini, kama alivyousia.

Mwaka jana wazee wanne na vijana kama saba waliniomba tuizunguke kaya yote kwa miguu nichukue alama za mpaka kwa simu na ile mashine yangu ndogo ili wapeleke kaunti. Nilikwenda bure, hilo halina haja ya kusemwa. Tulianza saa kumi na mbili asubuhi. Ilituchukua siku mbili manake kila pahali kuna mabishano, mzee huyu anasema mpaka ni mkwaju ule, yule anasema mkwaju ulikua mwengine, huo ni mtoto wake, na vijana wanarekodi video, na mi napiga alama mahali wanapokubaliana tu. Pale wasipokubaliana niliweka nukta nyekundu. Zilikua nyingi kuliko nilivyotaka.

Tulipofika upande wa ule mlango nilivua viatu nikavishika mkononi. Bikoni yangu ipo. Mzizi umeiinua upande mmoja imelala kama jino la mtoto, namba inasomeka. Lakini mlango wenyewe sikuuona, ni mti mmoja tu umesimama, wa pili ulikatwa sijui mwaka gani, hata kisiki hakuna, pamefukiwa na majani. Nikasimama na simu mkononi sijui niweke alama wapi. Mzee mmoja, alikua rafiki wa mjomba, haoni vizuri tena, anashikwa mkono, akamuachia yule kijana akatembea peke yake polepole akipapasa chini kwa kidole cha mguu, akaenda, akarudi kidogo, akaenda tena. Akasimama.

"Anza hapa," akasema.